Mapangaboi Hayachezi Msibani

Kila asubuhi, kabla sijamaliza chai, simu ya studio ilikuwa inalia, na sauti ya Mhandisi Hizza Kipande inaniuliza kutoka juu mlimani kama nimelala salama. Nikimwamkia anaitika, kisha ananisomea upepo. "Kusi, mwanangu. Wa kutosha. Waambie leo wapige pasi." Nami nawasha kipaza sauti, nawaambia watu wa Mavumoni kwamba upepo ni wa kusi, ni wa kutosha, na wapige pasi.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu katika Redio ya Mji. Chuoni nilisomea utangazaji, lakini mkurugenzi alinisikiliza siku ya kwanza akasema sauti yangu ni ndogo mno kwa habari zenye watu ndani yake, akanipa upepo. Sikulalamika. Upepo haujawahi kukanusha taarifa wala kumwita mtangazaji ofisini.

Asubuhi ninayoisimulia, simu haikulia. Chai ikapoa. Wakati wa taarifa ulipofika niliwasha kipaza sauti na sikuwa na la kusoma, hivyo mji mzima ukanisikia nikinyamaza. Ndipo mlango ukafunguliwa, akaingia mtu mnene mwenye suti nyeusi na glavu nyeupe, akazima kipaza sauti kwa kidole kimoja, taratibu, kama anayemfumba mtu macho.

"Wewe ndiye binti wa upepo?"

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Upepo umefiwa," alisema.

Huyo alikuwa Bwana Mwinyikombo, Mkuu wa Itifaki ya Taifa. Alikuwa mjini kwetu tangu wiki iliyotangulia, akipima barabara kwa ajili ya zulia la kupokelea viongozi.

*

Lazima nieleze kidogo, kwa ajili ya wageni. Mji wetu umelala chini ya mgongo wa mlima ambako upepo haupumziki. Juu ya mgongo huo Serikali ilisimamisha minara mirefu myeupe, kila mmoja na mapanga yake matatu, ikaiita Mitambo ya Kitaifa ya Kufua Umeme wa Upepo. Sisi tuliita mapangaboi ya serikali. Siku yalipowashwa, bibi mmoja wa Mtaa wa Chini alituma ujumbe kuomba yapunguzwe kasi kwa sababu anasikia baridi. Mhandisi Hizza alishuka mwenyewe kwenda kumweleza kwamba mapanga hayatoi upepo, yanaupokea. Bibi alimsikiliza hadi mwisho, akamshukuru, akaomba yapunguzwe kasi.

Tangu siku ile umeme wa Mavumoni haukukatika. Naliandika hili bila nia ya kuichafua nchi. Mashine za kusaga zilisaga, maji yalipanda hadi kwenye matangi, na hospitali ikapata jokofu la mochwari lililosifiwa mpaka mikoa ya jirani, hata watu wa mbali wakatamani kufia kwetu. Idara ya Malalamiko ya shirika la umeme ikakosa malalamiko. Mkuu wake aliomba mji ukatiwe umeme mara moja moja, ili watumishi wasisahau taaluma.

Mhandisi Hizza alikutwa alfajiri ile ameketi chini ya mnara, ameuegemea, kikombe cha chai kikiwa kati ya magoti. Aliyemkuta ni fundi wake, Shomvi. Alidhani mzee anausikiliza mtambo kama ilivyokuwa kawaida yake, akasimama kando kwa adabu, akisubiri amalize. Daktari alisema ni moyo.

Kiongozi wetu, ambaye sheria inataka tumwite Mlezi, hakuwepo nchini. Alikuwa ng'ambo kwenye Mkutano Mkuu wa Nishati Safi, akihutubia juu ya minara yetu. Habari zilipomfikia alifuta machozi jukwaani, akasubiri wapiga picha wamalize, akatangaza mambo mawili. Kwanza, nchi nzima iingie matangani. Pili, shujaa huyu asizikwe na mtu mwingine ila yeye Mlezi, kwa mkono wake, kwa koleo lake, siku atakayorudi. Ukumbi ulisimama kumpigia makofi.

Huku nyumbani Bi Mwantumu, mke wa marehemu, alikuwa ameshatuma watu wakachimbe kaburi. Waliambiwa walifukie, lisije likaonekana kama linamharakisha Mlezi. Mwili ukapelekwa kwenye jokofu la mochwari kusubiri.

*

Mchana Bwana Mwinyikombo alinichukua kwenye gari lake hadi mlimani, kwa kuwa alitaka maneno yake yatangazwe yakiwa bado na joto. Alishuka, akaweka mkono juu ya macho, akatazama minara. Upepo ulikuwa unampeperusha tai begani. Fundi Shomvi alikuwa amesimama karibu na ngazi, macho mekundu, ovaroli imefungwa hadi shingoni.

"Yale yanafanya nini?" Bwana Mwinyikombo aliuliza.

"Yanafua umeme, mheshimiwa."

"Sikuuliza yameajiriwa kufanya nini. Nauliza, sasa hivi, yanafanya nini."

Shomvi akatazama juu. "Yanazunguka."

"Msibani?"

Shomvi akashusha macho kutoka kwenye mapanga.

"Kwenu wewe," Bwana Mwinyikombo alisema, sauti imeshuka kama ya padri, "jirani akifa, unasimama kilimani, umenyoosha mikono, unazunguka hivyo, watu wanakuona?"

"Hapana, mheshimiwa."

"Nani anacheza msibani?"

"Hakuna."

"Basi yasimamishwe."

Shomvi alikuna shingo. "Mheshimiwa, hii si ngoma. Ni mashine. Na umeme wa mji wote unatoka hapa."

"Fundi, mimi sina ugomvi na umeme. Umeme hauonekani. Mimi nashughulika na kinachoonekana."

Kulibaki suala la mkao, na kamati ikaundwa palepale. Panga moja likielekea chini na mawili yakiwa juu, mnara unafanana na mtu aliyefunga goli. Likiwa moja juu na mawili chini, unafanana na mtu aliyeachia mikono kwa uchungu. Wajumbe waliijaribu mikao yote miwili wao wenyewe, wamejipanga kwenye nyasi na tai zao, mikono juu, mikono chini, hadi mpiga picha wa Serikali akathibitisha kwamba ule wa pili unahuzunisha. Shomvi akayageuza mapanga ubavu yasikamate upepo, akafunga breki, akayapanga moja moja hadi jioni. Mnara mmoja wa mwishoni breki yake ilikuwa imechoka, ukaendelea kuzunguka polepole. Uliwekewa polisi. Kila jioni polisi huyo aliripoti kwa simu ya upepo kwamba mtuhumiwa bado anakaidi.

Tulipokuwa tunashuka, taa za mji chini yetu zikazimika zote kwa pamoja. Niliona jambo hilo lina heshima yake.

"Viongozi hawatakaa gizani," Bwana Mwinyikombo alinituliza. Majenereta makubwa ya dizeli yalikuwa yamefika bandarini wiki moja kabla ya msiba, yameagizwa na shemeji yake Mlezi, hivyo tukaona jinsi Mungu asivyomtupa mja wake.

Shomvi, aliyekuwa amekaa kiti cha nyuma, akauliza, "Na jenereta nalo, mheshimiwa? Nalo linazunguka, ila ndani kwa ndani."

"Yanayozunguka ndani ya mtu ni baina yake na Mola wake. Sisi tunasikia sauti tu. Sauti ya jenereta ni nini?"

"Mngurumo."

"Kilio," alisema Bwana Mwinyikombo. "Tangaza, binti. Panga linacheza, jenereta linalia."

Nilitangaza kwa simu, kwa kuwa studio ilikuwa na jenereta lake na watu walikuwa na redio za betri. Tukaipita hospitali, ambayo sasa ilikuwa nyeusi kama mawe.

"Mheshimiwa," Shomvi alisema, "jokofu la mochwari linategemea mapanga. Na mzee yumo."

"Tutalifikiria jenereta la hospitali kwa kufuata ngazi. Kwanza ikulu ndogo, kisha turubai la msiba, kisha nyumba za wageni." Akavua glavu moja, akajifuta nayo uso. "Na marehemu ndiye mwenye msiba, fundi. Yeye atakuwa wa kwanza kuelewa."

*

Siku ileile nilipandishwa cheo. Bwana Mwinyikombo alieleza kwamba mjane wa taifa hawezi kusema mwenyewe, kwa kuwa anaweza kusema mambo ya nyumbani. Anahitaji msemaji. "Wewe sauti yako ndogo," aliniambia. "Ina msiba tayari." Kuanzia hapo nilikuwa Msemaji wa Mjane. Asubuhi nasoma upepo, kutwa nasoma huzuni.

Nilimkuta Bi Mwantumu amekaa mkekani, amenyoosha miguu, anatazama vidole vya miguu yake kama vitu alivyoazimwa. Hakuwa analia. Wanawake waliokuwa naye walilia kwa zamu, na kila zamu ilipoisha alikuwa anawaambia asanteni, kama mtu aliyepokea vyombo vilivyooshwa. Nje palikuwa na turubai la Serikali, viti vya kukodi, spika na jokofu la soda, vyote vimeunganishwa kwenye jenereta lililokuwa linalia usiku na mchana kwa niaba yetu.

"Wewe ndiye uliyekuwa unasomewa upepo?" aliniuliza.

"Ndimi, mama. Shikamoo. Pole sana."

"Marahaba. Alikuwa anarudi ananiambia, yule binti leo kasoma vizuri." Akarudi kwenye vidole vyake. Nilitaka kumshika mkono, lakini cheo changu hakikusema chochote juu ya mikono, nikakaa tu karibu naye.

Sasa, kwetu mtu mzima haombi jambo kwa kulitaja. Mkwe hasemi ana njaa. Anasema leo jua limewahi kupanda. Mwenye kuelewa anaelewa, anapakua. Bi Mwantumu alilelewa hivyo na mama yake, na alidhani Serikali nayo ililelewa na mtu.

Alipotoka kumwona mumewe hospitalini siku ya kwanza baada ya giza, alikaa mkekani, akaniambia, "Mwanangu, nenda kawaambie wakubwa, joto limekuwa jingi."

Nilikwenda chini ya turubai, nikamwinamia Bwana Mwinyikombo. "Mheshimiwa, mjane anasema joto limekuwa jingi."

Uso wake ukalegea kwa huruma. Naomba niandike hivyo, kwa sababu kweli ulilegea. Hazikupita dakika nyingi ililetwa feni kubwa ya kusimama, waya umeburutwa kutoka kwenye jenereta, ikaelekezwa kwa Bi Mwantumu. Kanga yake ikajaa upepo, akaishikilia magotini kwa mikono miwili. Shomvi, aliyekuwa amekuja kutoa pole, aliitazama ile feni ikizunguka katikati ya matanga.

"Hii je, mheshimiwa?"

"Hii ina kibali."

Jioni nilisoma redioni kwamba Serikali imempepea mjane.

*

Siku zikaenda. Mlezi alichelewa kwa sababu mkutano ulimwomba arudie hotuba, safari hii polepole. Wanawake wa Mavumoni, bila kuambiana, walikuwa wamepeleka mochwari barafu zote zilizobaki kwenye friji zao: za maji, za ubuyu, za juisi ya ukwaju, zikiwa bado kwenye vifuko vyake vya plastiki. Mtumishi wa mochwari alimlaza Mhandisi katikati ya barafu hizo, nyekundu huku, kahawia huku. Ziliyeyuka. Pampu za maji zilikuwa zimesimama, kwa hiyo hata sakafu haikuoshwa vizuri, ikabaki tamu, sisimizi wakaja.

Bi Mwantumu aliporudi kutoka huko aliniambia, "Kaniombee barafu kwa wakubwa."

Nikaenda. "Mheshimiwa, mjane anaomba barafu."

"Amepata kiu," Bwana Mwinyikombo aliwaambia waliokuwa karibu, na watu wazima kadhaa wakafumba macho kumshukuru Mungu. "Amepata kiu. Ni dalili nzuri."

Aliletewa soda kwenye trei, na glasi yenye vipande vya barafu hadi juu, na mpiga picha. Bi Mwantumu aliitazama. Akaiinua glasi, akapiga funda moja kwa ajili ya picha, kwa kuwa ni mtu wa adabu. Walipogeuka, alivichota vipande vya barafu kwa vidole, akavifunga kwenye pindo la kanga ya akiba, akanipa fundo lile.

Nilikimbia. Hospitali haiko mbali, lakini jua lilikuwa kali na barabara ilikuwa imejaa watu wa mapambo. Nilipofika nilikuwa nimeshika fundo la maji. Mtumishi wa mochwari alilipokea hivyohivyo, akalikamulia kiganjani, akampangusa marehemu uso. "Hayajapotea, dada," aliniambia. Sikuingia ndani. Nilisimama mlangoni nimeziba pua kwa mtandio, kisha nikaona ni utovu wa adabu, nikauachia.

Taarifa ya jioni ilisema mjane amekunywa soda na anaendelea vizuri.

Siku iliyofuata alijaribu tena. "Waambie mwenzangu hajazoea kulala nje ya nyumba yake."

Niliona hilo limekaribia sana kuwa wazi, nikalipeleka kwa matumaini. Bwana Mwinyikombo aliita wasaidizi wake, wakanong'ona. Alasiri ikaja picha ya Mhandisi Hizza, kubwa kuliko mlango, kwenye gari lenye king'ora. Ilipitishiwa dirishani, ikalazwa kitandani kwake, ikafunikwa shuka hadi kifuani, na askari akawekwa mlangoni ili asisumbuliwe. Bi Mwantumu akabaki mkekani. Mara moja nilimkuta amesimama kizingitini, anaitazama picha ile ilivyolala, na askari anamwambia kwa upole, "Mama, ameshapumzika."

*

Katika nchi nyingine huenda upepo ungetulia kwa aibu. Wa kwetu haukutulia. Ulikuwa unateremka kutoka mlimani, unapita kati ya mapanga yaliyoachia mikono, unazunguka hospitali, unafika mjini na kile ulichokikuta njiani. Mwanzoni watu waliangaliana. Kisha wakaacha kuangaliana. Waliokuwa wanakula msibani waliendelea kutia tonge mdomoni huku wakisifu wali.

Bwana Mwinyikombo aliamuru turubai lihamishiwe upande mwingine wa nyumba. Upepo ukageuka. Likahamishwa tena. Ubani ulichomwa hadi wazee wakakohoa, na marashi yakanyunyizwa kwenye viti vya mbele. Mwandishi mmoja kutoka mji mkuu alipouliza kwa kuzungukazunguka, alijibiwa kwamba kila ushujaa una harufu yake.

Mimi niliendelea kusoma upepo. Mhandisi hakuwepo wa kunipigia, nilikuwa natoka nje, nainua mtandio, naangalia unaelekea wapi. Sikujua kwamba watu wanausikiliza kwa makini kuliko wakati wowote, ili wajue madirisha ya kufunga. Siku ya tatu tangu madirisha yaanze kufungwa niliitwa.

"Kuanzia leo," Bwana Mwinyikombo alisema, "usitaje unakotoka."

"Niseme nini, mheshimiwa?"

"Sema upo."

Nikasema upo.

Jioni hiyo nilimpelekea Bi Mwantumu uji. Aliushika bila kunywa, hadi ukafanya utando.

"Mwanangu, unawaambia vizuri lakini?"

"Nawaambia kama unavyoniambia, mama."

Alitikisa kichwa. "Basi ni mimi nisiyejua kusema."

Nilimwambia anywe uji.

*

Kisha ikaja habari njema. Mlezi alikuwa amepata tuzo ya Nchi ya Mfano kwa Upepo. Hangeweza kurudi bado, ila angemuaga shujaa kupitia skrini kubwa, siku hiyohiyo ya kupokea tuzo, ili machozi na makofi visiachane. Tatizo lilikuwa moja. Waandaaji wa tuzo walitaka mapanga yaonekane yanazunguka nyuma ya jeneza. Tuzo ya upepo, walisema, haiwezi kutolewa mbele ya minara iliyosimama.

Bwana Mwinyikombo alijifungia ndani ya gari akafikiri. Alipotoka alikuwa na jibu, na hadi leo nalionea fahari. Mapanga yakizunguka kwa kupenda, alisema, ni ngoma. Yakizunguka kwa amri, ni gwaride. Gwaride mazikoni linaruhusiwa.

Uwanja wa mpira ulijaa. Jeneza lililetwa limefunikwa bendera, likibebwa na askari waliokuwa wanalegeza magoti kama lina uzito. Lilikuwa tupu. Marehemu mwenyewe hakuletwa, kwa sababu zilizotajwa kuwa za kitaalamu. Bi Mwantumu aliwekwa mbele, kwenye kiti chenye kitambaa cha dhahabu. Aliomba akae chini, wakatandika mkeka juu ya zulia, nami nikakaa pembeni yake na hotuba yake, ambayo ilikuwa imeandikwa tayari.

Mlezi alipotokea kwenye skrini, mkubwa kama ghorofa, Bwana Mwinyikombo aliinua glavu. Kule juu Shomvi akafungua breki. Upepo ulikuwepo, kama ulivyokuwepo siku zote. Mapanga yakaanza, moja baada ya jingine, na mji uliokuwa nyuma yetu ukaamka: mashine ya kusaga ikaanza kuzunguka bila mahindi, maji yakakohoa kwenye mabomba, televisheni ya mtu ikaropoka mpira wa zamani. Wanawake wawili walitoka kwenye safu yao wakaenda kuwahi pasi. Kisha mwanamke mmoja akapenya kati ya askari, akamwinamia Bi Mwantumu sikioni.

"Dada, limewaka. Jokofu linanguruma. Mtumishi kafunga mlango."

Bi Mwantumu alifumba macho. Nilimwona mabega yakishuka, kidogo, kama mtu aliyetua ndoo.

Mlezi alikuwa anasema. "Upepo hauna mwenyewe, ndugu zangu. Ndiyo maana nimekubali kuwa mwenyewe." Makofi ya ng'ambo yalitufikia yamechelewa. Akapokea tuzo, chombo cha kioo chenye panga dogo juu yake, akalipuliza, likazunguka, ukumbi ukacheka kwa upendo. "Shujaa huyu nitamzika mimi. Hapa nikitoka nakwenda nchi ya jirani, wananipa tuzo kwa kupata tuzo hii. Nikirudi nitamzika. Mtunzeni."

Bwana Mwinyikombo akashusha glavu. Gwaride lilikuwa limekwisha. Juu kule mapanga yakapunguza mwendo, yakasimama, moja juu, mawili chini. Nyuma yetu televisheni ikakatika katikati ya neno. Bi Mwantumu akafumbua macho.

"Na mjane yupo?" Mlezi aliuliza, akimtafuta kwa macho upande asikokuwepo.

"Yupo, Mtukufu," alijibu Bwana Mwinyikombo.

"Aseme neno. Asiogope. Serikali hii ni sikivu."

Nilisimama. Karatasi ilianza: Mimi mjane, nikiwa nimejaa shukrani. Nilifungua mdomo, na sikuliona neno la pili. Spika zilikuwa zinavuma, jenereta linalia, uwanja mzima unanitazama, na upepo ukageuka wakati huohuo, ukapita juu yetu kutoka upande wa hospitali. Watu wa viti vya mbele waliinua vitambaa puani, wakajifanya wanafuta machozi.

"Msemaji, soma," alisema Bwana Mwinyikombo.

"Mheshimiwa," nilisema, na sauti yangu ndogo ikaenda mbali kuliko nilivyotarajia, "mjane ana neno."

Nikapiga magoti, nikakishusha kipaza sauti hadi mkekani. Bi Mwantumu alinitazama mimi kwanza, kama anayeuliza kama ni vizuri. Kisha akatazama skrini. Hakupaza sauti. Alisema kama mtu anayemwelekeza mgeni njia.

"Shikamoo, mzee. Mimi nilisema joto, nikaletewa feni. Niliomba barafu, nikaletewa soda. Nilisema hajazoea kulala nje, mkalaza picha yake. Nimefikiri labda nilikosea kusema."

Kule ng'ambo Mlezi alikuwa bado anatabasamu. Tabasamu lake lilikuwa limechelewa, kama makofi.

"Mume wangu anaoza," alisema Bi Mwantumu. "Namzika leo."